Kesi ya Sahani ya Dagaa

Chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hushuka mpaka kwenye migomba, palikuwa na nyumba ya Bibi mmoja mjane. Aliishi na mjukuu wake wa darasa la sita, pamoja na mjomba wa kijana huyo, ambaye alikuja kusalimia wakati wa mavuno, mavuno yakaisha, yeye akabaki. Walikuwapo pia paka wawili, Shume na Bi Kijivu, waliopewa kazi ya kulinda mahindi dhidi ya panya. Na alikuwapo mbwa aliyeitwa Simba, aliyepewa kazi ya kuwalinda wote.

Paka walilipwa kila siku. Asubuhi na jioni Bibi aliwawekea dagaa sakafuni, kando ya mlango wa jikoni, katika sahani ya bati yenye maua mekundu. Simba alilipwa ikibaki. Ukoko wa ugali ukibaki, alikula. Usipobaki, aliambiwa avumilie, kwa kuwa mlinzi hodari hatazami tumbo. Usiku alibweka mpaka sauti ikamkauka, na mchana hakuwa na shughuli yoyote. Hapo ndipo mashtaka yalipoanzia.

Shtaka la kwanza lilikuwa la dagaa. Bibi akishaondoka kwenda shamba, Simba aliinusa sahani ukingoni, akatazama huku na huku, kisha akashusha ulimi. Dagaa wakiisha aliendelea kulamba bati tupu. Sahani iliteleza sakafuni naye akaifuata hatua kwa hatua, mpaka ikagota ukutani: ta! Paka waliposikia mlio huo, walijua kwamba siku hiyo watashinda njaa.

Shtaka la pili lilikuwa la kisanduku cha mchanga na majivu ambamo paka walijisaidia. Simba alikifukua, akala alichokikuta humo, kisha akaenda kumlamba mjukuu mkono. Shtaka la tatu lilikuwa la kandambili zilizotafunwa. La nne, na ndilo lililomuumiza zaidi Bi Kijivu, lilikuwa la kufukuzwa uani mpaka juu ya mpapai, akakaa huko jua lote huku Simba akimsubiri chini na ulimi nje.

Nyumba haikukosa sheria. Ilikuwa nazo tatu, kila mtu na yake. Mjukuu alipoona paka anafukuzwa alicheka akapiga mluzi. Bibi alirudi shamba saa nane, akakuta sahani tupu, akampiga Simba mwiko kwa kosa lililotendeka saa moja asubuhi. Mjomba alimpiga teke siku alizoamka vibaya, na siku alizorudi kutoka kilabuni akiwa amechangamka alimkatia nyama kutoka sahani yake mwenyewe. Tabia ile ile ya kuinamia sahani ya mwenzake ilimletea Simba kicheko asubuhi, mwiko mchana na nyama usiku.

Simba alijifunza kutokana na yote hayo, ila hakujifunza walichotaka. Alijifunza kwamba dagaa ni watamu wakati wowote, na kwamba Bibi akitoka shamba ni mkali. Basi akaanza kujificha chini ya kitanda kila aliposikia jembe likiegemezwa ukutani, masikio yamelala, mkia katikati ya miguu. Bibi akimwona hivyo alisema, “Mtazameni! Anajua alichokosa.” Kumbe mbwa alikuwa akiogopa uso wa Bibi wa saa ile. Dagaa wa asubuhi walikwisha kumtoka akilini kitambo.

Malalamiko yalipozidi, liliitishwa baraza chini ya mwembe. Mwenyekiti alikuwa Jogoo, aliyepewa cheo hicho kwa sababu ya sauti. Bibi alikaa kwenye kigoda, mjukuu kwenye mzizi wa mwembe, na mjomba akasimama kwa nyuma akisema ana safari. Paka walipanda juu ya ukuta. Simba alifungwa mnyororo kwenye shina, mahali ambapo watu wote wangemwona na yeye asingeweza kumfikia yeyote.

“Afukuzwe,” alisema Bata. “Kijiji kina mbwa wengi.”

“Afupishiwe mnyororo,” alisema Mbuzi, ambaye alikuwa amefungwa maisha yake yote na hakuona ubaya wa mwenzake kufungwa.

Kunguru alitaka adhabu kali kuliko zote. Alisimama juu ya bati la jikoni akaeleza kwa uchungu mkubwa jinsi wizi unavyoangamiza jamii, na akapigiwa makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba Simba akiondoka pale uani, vifaranga na dagaa walioanikwa juani watabaki bila mlinzi, na kwamba Kunguru alikuwa akiwamezea mate tangu kiangazi.

Mheshimiwa Jogoo akaunda kamati ya uchunguzi: Kunguru, Bata na Kuku mmoja mzee. Kamati ikaomba kielelezo. Bibi akaleta sahani yenye dagaa. Kamati ikaenda faragha nyuma ya ghala, ikakaa huko kwa muda, ikarudi na taarifa kwamba kielelezo hakikutosha kwa uchunguzi wa kina. Baraza likaongeza dagaa.

Ndipo Jogoo alipotoa busara yake. “Ugomvi huu ni wa sahani mbili,” alisema. “Tuwe na sahani moja. Mbwa na paka wale ugali pamoja, tuwe sawa.”

Bi Kijivu alisimama. “Mheshimiwa, mwili wangu haukuumbwa hivyo. Mbwa anaweza kuishi kwa mchanganyiko wa nyama na nafaka. Paka asipopata nyama au samaki hupungukiwa na kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha. Taurini ikikosekana kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Ukinipa ugali mtupu kwa jina la usawa, utakuwa umeniua taratibu huku ukinihesabia haki yangu.”

Baraza likanyamaza. Katika kimya hicho sauti ikatoka juu ya ghala la mahindi. “Naomba niulize, Mheshimiwa.”

Alikuwa Mzee Buku, panya buku mwenye mvi mdomoni. Panya wa aina hiyo ni mkubwa. Kutoka pua hadi ncha ya mkia anaweza kukaribia sentimita 90. Shume alishawahi kumkabili usiku mmoja, na tangu hapo waliheshimiana kwa mbali. Bata aling’aka. “Panya azungumze barazani, mbele ya paka?”

“Shikamoo Bibi,” alisema Buku, asimjibu Bata.

“Marahaba. Sema, mzee mwenzangu.”

“Mimi ujana wangu niliumalizia Morogoro mjini, karibu na mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Pale kuna ndugu zangu wanaofundishwa kazi na shirika la APOPO. Hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa makohozi ya wagonjwa, wakaonyesha yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza la kuhudumia wanyama lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Sisi ndio wale mnaotuita wezi wa mahindi.”

“Walimfundisha kwa fimbo gani?” aliuliza Mjomba.

“Hakuna fimbo. Mwalimu ana kidude kidogo kinacholia ‘tik’. Kwanza panya hujua kwamba tik ikilia, ndizi inakuja. Baadaye hunusishwa harufu anayotakiwa kuijua, na akiinusa ipasavyo, tik hulia papo hapo na ndizi hufuata. Akikosea hapigwi, ila hapati ndizi. Kazi hiyo huendelea kila siku kwa takribani miezi 9, na walimu wote hufuata utaratibu mmoja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nami nawauliza, katika nyumba hii ni mkono upi umejaa, na umejazwa kwa ajili ya tendo lipi?”

Hakujibiwa. Akaendelea.

“Nani anaiweka sahani ya dagaa sakafuni? Simba anakula saa ngapi? Mchana ana kazi gani? Siku ambayo paka alipita mbele yake naye akatulia, mlimpa nini?”

Bibi aliinamisha kichwa. Sahani aliiweka yeye. Saa ya chakula cha Simba haikuwapo, na kazi ya mchana haikuwapo. Na siku ambazo mbwa alitulia, hakuna aliyemwona. Alionekana alipokosa tu.

Buku akamgeukia mshtakiwa. “Na wewe, mwanangu, unasemaje?”

Kabla ya hapo Simba hakuwa ameulizwa lolote. “Nilipoikuta sahani chini, nilidhani imewekwa chini ili niifikie,” alisema. “Bi Kijivu alipokimbia, miguu yangu iliondoka kabla sijafikiri, na mjukuu akapiga mluzi, nikajua tunacheza wote. Tena nilimwona anapunga mkia.”

“Nikiupiga mkia huku na huku nimekasirika!” alisema Bi Kijivu.

“Mimi nikiutikisa mara nyingi ninakuita tucheze,” alisema Simba. Wakatazamana. Walikuwa wameishi ua mmoja miaka, kila mmoja akiusoma mkia wa mwenzake kwa maana ya kwao.

“Msinielewe vibaya,” alisema Buku. “Simba amekula kisicho chake, na paka wameshinda njaa kwa sababu yake. Ila mnamtaka aache kazi inayomlipa, na hamjamwonyesha nyingine yenye malipo. Afukuzwe leo, mtaleta mbwa mwingine, mtamweka pale pale penye njaa, uvivu na sahani ya sakafuni. Baada ya miezi mitatu tutakutana tena chini ya mwembe huu.”

Bibi akasimama, akafungua mnyororo. Kesi iliishia hapo, kazi ikaanza.

Siku ya pili yake Simba alipelekwa kwa bwana mifugo, akachanjwa kichaa cha mbwa na kupewa dawa ya minyoo, kwa ajili ya kile alichokuwa akikila kisandukuni. Sahani ya dagaa ilipandishwa juu ya ukuta mfupi wa jiko, mahali ambapo paka hufika kwa mruko mmoja na mbwa hafiki. Kisanduku cha mchanga kikahamishiwa stoo. Mlango wa stoo ulifungwa kamba iliyouacha wazi kiasi cha upana wa paka, na mjukuu akapewa kazi ya kuzoa uchafu kila asubuhi, maana kisanduku kisicho na kitu hakimvuti mbwa. Kandambili zikatundikwa msumarini. Simba akapewa mfupa mkubwa mbichi wa ng’ombe autafune. Mifupa ya kuku iliyopikwa alikatazwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Mambo hayo yalichukua siku moja, na yalifuta nusu ya mashtaka bila mbwa kujifunza lolote. Buku alilisisitiza hili: chombo kinachoweza kuhamishwa kihamishwe kwanza, ndipo mafundisho yafuate. Kumpima mwenye njaa kwa sahani iliyo chini ya pua yake hakumfundishi uaminifu.

Simba akaanza kula mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, bakuli lake mwenyewe, ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au utumbo. Akishakula asubuhi alikwenda na Bibi shamba, akakimbiza nyani waliokuja kung’oa mahindi, akarudi amechoka, akalala. Kumbe kandambili nyingi zilizotafunwa nyumbani hapo zilitafunwa na uvivu.

Lililobaki ni suala la paka, na hilo halikumalizika kwa kuhamisha sahani. Jioni mjukuu alikaa uani na Simba aliyefungwa kamba ndefu iliyolegea, mfukoni ana vipande vidogo vya dagaa. Shume na Bi Kijivu walikuwa juu ya ukuta, na njia ya kukimbilia paani ilikuwa wazi, kwa kuwa paka asiye na pa kukimbilia hujitetea kwa makucha. Bi Kijivu akashuka, akapita mbali. Masikio ya Simba yakasimama, mwili ukakaza, mguu mmoja wa mbele ukainuka. Mjukuu hakuvuta kamba wala hakupiga kelele. Alisubiri. Muda ukapita, kisha kwa nukta moja Simba akayaondoa macho kwa paka, akamtazama mjukuu usoni. “Vyema!” alisema mjukuu papo hapo, na dagaa akatua mdomoni.

Jioni ya kwanza nukta hiyo ilitokea mara chache. Baadaye ikawa kawaida. Bi Kijivu akapita karibu zaidi, kisha karibu zaidi tena, mpaka ikafika siku Simba akimwona paka anageuka mwenyewe kumtafuta mjukuu. Paka aliyekuwa mwaliko wa kukimbizana akawa habari njema kwamba malipo yanakuja.

Kisha Mjomba akarudi kutoka kilabuni. Usiku huo aliketi kibarazani na sahani ya nyama choma, Simba akaja akaweka kidevu juu ya goti lake, akalia kidogo. Mjomba akamkatia kipande. “Kwani kipande kimoja kina nini?” alisema.

Kesho yake Simba alisimama wima akajaribu kuvuta sahani ya paka kwa mguu. Keshokutwa alimnyang’anya mjukuu mandazi mkononi. Bibi akautafuta mwiko.

“Subiri, Bibi,” alisema Buku kutoka ghalani. “Tabia iliyokwisha kukosa malipo ikilipwa tena hata mara moja, hushika mizizi kuliko mwanzo. Mbwa sasa ameamini kwamba akiomba kwa bidii na kwa muda mrefu, iko siku atapata. Mwiko ukimpiga Simba, aliyemlipa atabaki na mkono wake ule ule.”

Bibi akamwita Mjomba mbele ya kila mtu. Hakumtukana. Alimwambia kwamba katika nyumba ile hakuna tena sheria ya mtu mmoja mmoja. Chakula cha Simba kiko bakulini kwake, kwa saa yake, na nje ya hapo hapewi na yeyote, awe amefurahi, awe amelewa, awe mgeni. Asiyeweza kulishika hilo atakula chumbani kwake, mlango umefungwa. Mjomba alinung’unika, lakini alikula chumbani wiki nzima, na ya pili akarudi kibarazani akiwa na mikono yake miwili juu ya sahani. Paka nao walitakiwa kubadilika. Shume alikuwa na desturi ya kumvizia Simba amelala na kumparura pua, kisha kuruka ukutani. Alipojaribu tena, mjukuu alimshusha akampeleka ghalani kulinda mahindi, kazi aliyoajiriwa.

Mavuno yaliyofuata, ghala la kijiji lilikuwa na kesi yake. Magunia yalikuwa yakipungua. Wanakijiji walikwisha kufukuza walinzi watatu, na sasa wa nne alikuwa amesimamishwa mbele ya mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alihutubia juu ya uzalendo. Wengine walitaka mlinzi atandikwe. Mmoja, mwenye sauti kubwa kuliko wote na mashine ya kusaga iliyofanya kazi hata miezi ya njaa, alitaka afukuzwe usiku huo huo, bila maswali.

Bibi aliomba nafasi. Aliuliza maswali yale yale aliyoyasikia chini ya mwembe wake. “Mlinzi huyu analipwa tarehe ngapi?” Ikajulikana kwamba hajalipwa tangu kupanda. “Funguo ziko kwa nani?” Ulikuwa mmoja, na ulizunguka mikononi mwa watu watano. “Magunia yanahesabiwa lini?” Yalihesabiwa yakipungua tu. “Na miezi ile ambayo hakuna gunia lililopotea, nani alimwambia ahsante?” Mwenye mashine ya kusaga akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Naamini kwa moyo wangu wote kwamba maswali ya Bibi ndiyo yanayokosekana katika mabaraza yetu mengi. Tunajua kufukuza, tunajua kuunda kamati, tunajua kulia juu ya maadili ya vijana, askari, makarani na watoto wetu wenyewe. Tunachelewa kutazama sahani tumeiweka wapi, mshahara tumeulipa lini, na ni nani anayekata kipande kimoja gizani kisha anasimama mchana kudai adhabu. Anayemwadhibu mtu kwa tabia ambayo jana aliilipa mwenyewe anamfundisha kujificha tu.

Mkutano uliamua mlinzi alipwe malimbikizo yake na kila mwisho wa mwezi apate ujira wake, kufuli ziwe mbili na funguo zake zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na magunia yahesabiwe hadharani kila Jumamosi. Mtu mmoja akauliza, kwa haki kabisa, itakuwaje mlinzi akiiba hata baada ya hayo yote.

“Akiiba baada ya hayo,” alisema Bibi, “mimi nitakuwa wa kwanza kumpeleka polisi, na sitakuwa na cha kumwonea aibu.”